Viwavi wa Gwanda

Kutoka Bulawayo hadi tulipoipita Gwanda sina la kusimulia, ila kiti kilichochanika na soda ya bei ya kuruka niliyorudishiwa chenji ya peremende, maana Zimbabwe wanatumia sana dola za Marekani na sarafu hazipatikani. Mbele kidogo rejeta ikatoboka. Basi likafa katikati ya pori la miti iitwayo mopane, mwezi wa Aprili, jua la utosi.

Nikasikia manyunyu yakidondoka kwenye majani makavu, na mbinguni hakuna wingu. Kilikuwa kinyesi cha viwavi! Miti ilishaliwa ikabaki vijiti, na kila kijiti kimebeba viwavi wanene kama kidole, weusi, wenye madoa meupe, ya njano na mekundu, na miiba mifupi mgongoni.

Bibi mmoja alikuwa akiwachuma na wajukuu. Nami nikamwita Gogo, yaani bibi, kama wao. Alimkamata kiwavi, akamminya kuanzia kichwani, matumbo ya kijani yakachuruzika, akamtupia ndooni. Jioni watachemshwa kwa chumvi na kesho kuanikwa. Hao ndio amacimbi, kitoweo na ada ya shule.

Lakini mmoja aliyekuwa akishuka kwenye shina alimwacha. "Huyo anakwenda kujizika," akasema kwa Kiingereza cha taratibu. Nondo atakayetokana naye hana mdomo wa kulia. Huishi siku tatu au nne tu, akapandana, akataga mayai kwa fungu moja, akafa. Kiwavi hula mwezi mmoja au zaidi, akijivua ngozi mara nne, kisha huchimba udongoni na kuwa pupa, hatua ya kulala kabla ya kuwa nondo, bila kufuma kifuko. Wa Aprili hulala humo kipupwe chote, wakingoja mvua za Novemba. Gogo alilalamika kwa uchungu juu ya wageni wanaokuja na malori, wanakata matawi na kuzoa hata wachanga.

Nikawaza kwetu Bukoba na senene. Bibi zetu waliwaokota alfajiri nyasini, na wao wenyewe walikatazwa kuwala. Siku hizi tunawasha mataa makubwa na kusimamisha mabati usiku kucha, tunazoa kila kirukacho kwa ajili ya soko, halafu msimu ukiwa mbaya tunalaumu mvua. Sijawahi kumsikia mtu kwetu akisema huyu mwache akatage.

Basi jingine lilikuja usiku. Tulilipishwa nauli upya.