Theluji ya Kibo nimeipata kwenye kalenda

Nyumba ya bibi yangu kule Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ilikuwa na chumba cha magazeti. Ukuta wenyewe ulikuwa wa fito na udongo, bibi akaubandika magazeti kuanzia chini mpaka karibu na dari, Uhuru, Mzalendo, Kiongozi na kurasa za kalenda za zamani, na hakuwa na habari ya urembo, alikuwa anazuia baridi na vumbi tu maana kule juu ikifika Julai baridi inakufuata mpaka kitandani. Gundi yake uji mzito wa unga. Sisi wajukuu tulikuwa tunalala chumba hicho, mi nililala upande wa ukutani, kwa hiyo kila asubuhi kabla sijaitwa kwenda kukata majani ya ng'ombe nilikuwa nasoma ukuta. Kichwa cha habari kimekatwa nusu na picha ya timu ya mpira, chini yake tangazo la sabuni limebandikwa kichwa chini miguu juu, pembeni yake bwana mmoja kavaa suti ila kichwa hana kwa sababu juu ya shingo imebandikwa kalenda. Nilikuwa nawatungia hadithi wote hao, bwana wa suti ametumwa sabuni, timu inamsubiri azilete jezi zifuliwe, mambo kama hayo.

Nimekua nikaja kujua kitu kile kina jina, kolaji, neno limetoka kwenye Kifaransa, maana yake ni kubandika tu kwa gundi. Na kumbe kuna watu wanafanya hiyo kazi makusudi kabisa na inatundikwa ukutani!

Sasa mi naishi hapa Moshi mjini, Pasua, mchana nafanya mahesabu ya duka la vifaa vya ujenzi, namba tupu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kuchora sijui na sijawahi kujua. Nilianza kolaji masika moja umeme umekatika tangu mchana, simu imekata chaji, mtoto amelala, nikaanza kupanga droo ya makaratasi kwa mwanga wa mshumaa, risiti, vocha za kukwangua, kalenda tatu za mwaka uliopita, na badala ya kutupa nikajikuta nazipanga juu ya sinia kwa rangi. Nilipokuja kushtuka ni saa sita usiku. Kichwa changu kilikuwa kimetulia kwa namna ambayo sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini, nikajua hiki kitu ni changu.

Sheria yangu ni moja tu, natumia karatasi iliyoingia nyumbani kwa shughuli zake nyingine. Sinunui. Na nakuambia zinaingia nyingi kuliko unavyodhani. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019 mifuko ya kaki imejaa jikoni kwangu, na kaki ndo udongo mzuri kuliko udongo wowote ambao ningeweza kupaka na rangi, hasa ile ambayo imeshakunjwakunjwa na kuguswa na mafuta ya maandazi ikabaki na doa. Pakiti ya majani ya chai ndani ina karatasi ya fedha, hiyo ni bati la nyumba au maji. Binamu yangu ni mpagazi, kila akishuka mlimani ananiletea maganda ya chokoleti za wageni, siku moja kanipa ramani ya njia ya Machame imelowa imekauka imepasuka kwenye mikunjo, hiyo mpaka leo nimeshindwa kuikata. Risiti za benki na za supamaketi nimeacha kuzitumia, zile hazina wino, zinaandikwa kwa joto, baada ya muda maandishi yanayeyuka yote unabaki na karatasi nyeupe.

Gundi napika mwenyewe kama bibi. Vijiko viwili vya unga wa ngano unakoroga kwanza na maji ya baridi kidogo mpaka mabonge yaishe, halafu unamimina kwenye kikombe cha maji yanayochemka huku unakoroga bila kuacha, utaona inatoka kwenye weupe wa maziwa inaanza kuwa ya kung'aa kama uji wa mgonjwa, hapo ipua. Iache ipoe kabisa. Inakaa siku mbili tatu, zaidi ya hapo inachacha. Pakaa nyembamba sana, hapa ndo wengi wanaharibu, karatasi ikilowa inatanuka, ukiibandika imelewa gundi ikija kukauka inakunjamana. Ukishabandika isugue na mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda nje, weka karatasi ya nailoni juu, halafu mzigo. Mi mzigo wangu ni mfuko wa mchele kilo kumi. Na kama unabandika kwenye kipande cha boksi, bandika karatasi na upande wa nyuma pia la sivyo boksi litajipinda kama kipande cha muhogo kilichoanikwa.

Mkasi: zungusha karatasi, usizungushe mkasi. Mkono wa mkasi utulie mahali pamoja, mkono wa pili ndo ulete karatasi, mviringo unatoka safi. Ila ukweli mi siku hizi nachana kwa mkono zaidi kuliko kukata, na hapa naomba niongee taratibu.

Chukua gazeti, lichane kutoka juu kwenda chini, linakwenda moja kwa moja kama limepigwa rula. Lichane kwa upana, linakwenda ovyo linakukatalia. Nyuzi za karatasi zimelala upande mmoja tangu kiwandani, ukizifuata zinatii, ukizikata kwa upana zinagoma, na vyote viwili vina kazi yake. Sasa kalenda, zile za karatasi nzito inayong'aa, rangi ipo juu tu na katikati ni nyeupe. Ukichana, kipande kimoja kinabaki na ukingo mweupe wenye manyoya na kingine kinabaki hakina, inategemea mkono upi umevuta kuelekea kwako. Nilikuwa nahangaika mwezi mzima natafuta karatasi ya kuwa theluji ya Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro. Nilijaribu karatasi ya daftari, imekufa, nikajaribu pamba, ikawa kama kazi ya mtoto wa chekechea. Jioni moja nachana kalenda yenye picha ya bahari, ile buluu nzito ya mbali, niitumie kuwa mlima wakati wa magharibi, nikavuta vibaya, na ukingo mweupe ukatokea juu kabisa ya mgongo, mwembamba, umechongoka hapa umefifia pale, una vidole vinavyoshuka kwenye buluu. Nikasimama nacho mlangoni. Mawingu yalikuwa yamefunguka ile saa kumi na mbili, Kibo iko wazi, nikakiinua kile kipande mkononi nikafunga jicho moja. Ilikuwa yenyewe. Nilimwita hadi jirani aje aone akasema sawa ni mlima, akarudi kwenye mboga zake, lakini mi usiku ule sikulala vizuri kwa furaha.

Kitu kingine nilichojifunza kwa maumivu, usibandike siku hiyohiyo. Panga vipande vikavu juu ya sinia, piga picha na simu, halafu peleka sinia juu ya kabati ukalale. Asubuhi ukiitazama utaona mwenyewe kipande kilichokaa hapo kwa sababu tu unakipenda na si kwa sababu picha inakihitaji. Nimeshatoa vipande vizuri sana kwa njia hii, kuna jani la mgomba la rangi ya damu ya mzee nimelitoa kwenye picha nne tofauti na bado linasubiri pa kukaa.

Nilivyoanza kusoma nikakutana na Mary Delany, mama wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1700. Alianza kukata maua ya karatasi akiwa na miaka 72, keshafiwa na mume wa pili, na akatengeneza 985 kabla macho hayajamkatalia, ua moja linaweza kuwa na mamia ya vipande vidogo na yote kayaweka juu ya karatasi nyeusi. Yapo British Museum, London, mpaka leo. Miaka 72! Huyo kawatangulia Picasso na Braque kwa zaidi ya miaka mia, wale walioanza kubandika karatasi kwenye picha zao mwaka 1912 kule Ufaransa na ndo wanaotajwa kwanza kila mahali. Matisse, mchoraji wa Kifaransa, naye alifanyiwa operesheni kubwa mwaka 1941, kusimama kuchora kukawa kazi, akashika mkasi akiwa kitandani au kwenye kiti cha magurudumu na zikatoka picha zake za kupendeza kuliko zote, kwangu mimi. Ila anayenigusa kabisa ni Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, yaani jirani yetu huyu, anachukua picha za magazeti ya mitindo na michoro ya vitabu vya udaktari anatengeneza wanawake ambao hujawahi kuwaona, wakali, wazuri, nusu mnyama nusu mashine, na mwaka 2019 sanamu zake ziliwekwa mbele ya jengo la Metropolitan Museum kule New York. Huwa nawaza kwamba malighafi yake kubwa ni gazeti, na gazeti hapa tunafungia karanga.

Hasara zipo. Gazeti likikaa dirishani linageuka njano, limetengenezwa kwa mti wenye gamu yake ya asili haijatolewa na jua linaichoma, kwa hiyo kazi yenye gazeti nyingi natundika upande wa kivulini. Na mende. Mwaka juzi niliweka kazi tatu chini ya kitanda, nimekuja kuzitoa mende wamekula uji wote na karatasi juu yake, wameacha mlima nusu na mama muuza ndizi hana mkono. Nililia kweli, kazi ya miezi mitatu ile. Sasa hivi zikishakauka zinaingia kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko mpaka zipate fremu, na kwenye maji ya gundi natupia karafuu kidogo kwa ajili ya ukungu, nyumba nzima inanukia pilau.

Kazi niliyonayo mezani sasa hivi ni ukuta wa bibi. Nyumba ile ilivunjwa mjomba alipojenga ya tofali, bibi alikuwa keshatangulia, na katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kuupiga picha ule ukuta, kuna picha za harusi, ubatizo, ng'ombe, ukuta hakuna. Nimechukua upande mmoja wa boksi la friji na naujenga kwa kumbukumbu. Timu ya mpira nimeipata. Tangazo la sabuni nimelitengeneza kwa herufi moja moja na nikaligeuza kama lilivyokuwa. Bwana wa suti nimempata kwenye jarida la zamani, suti ya kijivu kabisa, nikamkata kichwa na nikaandaa kalenda ya kuweka juu ya shingo.

Jumapili mama akapita kunisalimia, akasimama muda mrefu juu ya meza hajavua hata kilemba. Akasema mbona huyu hana kichwa. Nikamwambia mama si ndivyo alivyokuwa, kichwa kilifunikwa na kalenda. Akanitazama. "Alikuwa na kichwa huyu. Wewe ndo ulikikata, na wembe wa babu yako, ulikuwa hujaanza hata shule. Bibi akabandika kalenda kuziba tundu."

Hakumbuki nilikipeleka wapi hicho kichwa na mimi sikumbuki chochote. Anachokumbuka ni kwamba bibi aliwakataza wasinichape.

Kwa hiyo nimekitoa kichwa cha yule wa jarida kwenye bahasha. Kipo kwenye sinia, juu ya kabati, hakijabandikwa.