Msidanganyike na errors='ignore' kwenye meseji za kadi, mimi nimefanikiwa hivi

Wakuu, hatimaye 0210, yaani meseji ya jibu la muamala, imerudi na fildi ya 39 (kodi ya jibu) ina 00, yaani muamala umekubaliwa! Nina furaha kweli, ila bado nina hasira na ushauri unaosambazwa kwenye magrupu, wa kuweka errors='ignore' ili Python itupe kimya baiti isizoweza kuzisoma kama maandishi.

Kazi ilikuwa ya saccos moja hapa Dodoma, wanataka wanunuzi wa mahindi kule Kibaigwa walipe kwa kadi badala ya kutembea na maburungutu. Swichi, yaani mfumo unaopokea na kupitisha miamala ya kadi, inaongea ISO 8583, kiwango cha meseji za kadi cha tangu 1987, na ndani yake ni baiti tupu: aina ya meseji, bitmapu ya baiti 8 inayosema fildi zipi zimo, halafu fildi zenyewe zimebanana bila koma wala nafasi.

Jamaa mmoja mzoefu akaniambia kaka, Python ikikuletea UnicodeDecodeError (imeshindwa kugeuza baiti kuwa maandishi) we weka errors='ignore' itanyamaza. Nikaijaribu mbele yake ili tuone wote, na kweli ikanyamaza. Sasa tazameni. Bitmapu, kwa hex, ilikuwa 72 20 00 00 00 80 80 00, maana yake zipo fildi 2, 3, 4, 7, 11, 41 na 49. Zile 80 mbili siyo utf-8 halali (utf-8 ndo mfumo wa maandishi ambao Python inautumia kusoma), zikatupwa kimyakimya. Baiti 8 zikabaki 6, programu ikavuta mbili za mbele kujazia, ya kwanza ni 16 ambayo ni urefu wa namba ya kadi! Hapo namba ya mashine (41) na sarafu (49) zimepotea, na imezuka fildi ya 52, ya PIN, wakati muamala ule hauna PIN kabisa. Kwenye hela za watu bora programu ife ukajua, kuliko iendelee na uongo.

Mimi meseji naiacha bytes mwanzo mpaka mwisho. Nikitaka kuiona natumia .hex(), kutengeneza bytes.fromhex(), na urefu wa meseji unaotangulia mbele yake, kwa swichi yetu, ni struct.pack('>H', n), hiyo > msiiache maana ndo inaweka baiti kubwa mbele.

Kwenye kiasi kuweni makini sana. Fildi ya 4 ni tarakimu 12 na shilingi yetu, ambayo kodi yake ya sarafu ni 834, inahesabiwa na senti zake mbili, kwa hiyo elfu kumi na tano ni 000001500000, na kwa BCD tarakimu mbili zinakaa baiti moja: 00 00 01 50 00 00. Ukiacha senti, mtu wa gunia la mahindi atakatwa mia na hamsini.

Na ile 16 ya kadi ni tarakimu 16 lakini baiti ni 8, kuna swichi zinahesabu tarakimu na nyingine baiti, wadaini waraka wao kabla hujaandika chochote. Laibrari ya pyiso8583 ni bure, nimetumia hela ya bando tu, unabadilisha spec (maelezo ya jinsi kila fildi inavyoandikwa) fildi kwa fildi: data_enc ni 'b' kwa BCD, 'ascii' kwa maandishi, 'cp500' kwa EBCDIC, mfumo wa herufi wa mashine kubwa za IBM.

Halafu sock.recv() haikuhakikishii meseji nzima, zungusha mpaka baiti zitimie urefu uliotajwa. Na kwenye logi namba ya kadi ifichwe katikati, hata kama bado mnajaribu.