Wa tatu kwenye mstari

Jana usiku nimeirudia tena ile video ya ndege mbili kugongana kwenye maonesho ya Dallas, Marekani. Ilikuwa Jumamosi, 12 Novemba 2022. B-17, ndege ya mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, dude la injini nne, linapita mbele ya watazamaji bila haraka. Ghafla inatokea ndege ndogo ya kivita, P-63, imelalia bawa moja, inaipiga ile kubwa nyuma ya mabawa. B-17 inakatika vipande viwili, kisha moto. Watano walikuwa ndani yake, mmoja ndani ya P-63. Hakupona hata mmoja.

B-17 hiyo iliitwa Texas Raiders. Ilitoka kiwandani 1945, vita vikiwa ukingoni, ikaishia kubebeshwa rada na jeshi la majini la Marekani. Haikuwahi kwenda kudondosha bomu Ujerumani. Vita vikaikosa, ikaja kuuawa na ndege ya Marekani mwenzake, kwenye maonesho, wikendi ya kuwaenzi wanajeshi wa zamani.

Ila kinachoninyima usingizi ni yale yaliyotangulia. Ndege za kivita zilikuwa tatu: P-51 mbili mbele, P-63 ya mwisho. Msimamizi wa maonesho akawaambia kwa redio wafuatane, wapite mbele ya ndege za mabomu, waingie kwenye mstari wa futi 500 kutoka kwa watazamaji. Zile za mabomu zilikuwa na mstari wao, futi 1,000. Kwa hiyo nani awe karibu na nani awe mbali, lilipangwa. Nani awe juu na nani awe chini, halikupangwa, si kwenye kikao cha asubuhi wala angani. Wachunguzi wa NTSB, shirika la Marekani linalochunguza ajali za usafiri, waliandika hivyo katika ripoti yao ya Desemba 2024: watu walitegemea maelekezo ya papo kwa papo na macho ya marubani.

Macho! Rubani wa P-63 yuko kwenye kona, kazi yake ni kutompoteza aliye mbele, na mwili wa ndege yake mwenyewe unamziba. Mitandaoni watu walimtukana siku ileile, eti kipofu. Mimi sikuweza.

Niliwahi kuendesha gari la tatu kwenye msafara wa harusi. Honi, vigelegele, taa zinawaka, na mimi hofu yangu moja tu: nisiachwe, maana ukumbi siujui. Kwenye makutano wawili wa mbele wakapita, nami nikapita nyuma yao. Lori la mchanga lilifunga breki hadi matairi yakatoa moshi, likasimama mkono mmoja kutoka mlangoni kwangu. Vigelegele vikakatika.

Shangazi, aliyekaa nyuma na keki mapajani, alinyamaza mpaka tukafika. Ndipo akauliza taratibu, "Baba, lile lori hukuliona?"

Nilikuwa nimeliangalia gari la mbele.