Chupa tatu za uzile

Nilimtuma mwanangu dukani akaninunulie uzile wa mia tano, kumbe kabatini mwangu mlikuwa na uzile zaidi ya kilo moja. Niligundua jioni ile ile. Mfuniko wa sufuria ulidondoka nyuma ya kabati, nikaingiza mkono kuutafuta, nikatoka na chupa ya jemu iliyojaa uzile mpaka shingoni. Kuangalia vizuri, pembeni yake pana pakiti la duka la Kihindi limeandikwa "Jeera". Na kwenye rafu ya chini kulikuwa na kopo ambalo mume wangu aliliandika kwa mkono wake: "binzari nyembamba".

Mimi kwetu Chake Chake. Pemba tunasema uzile, na ndilo jina nililolizoea tangu natumwa dukani na mama. Mume wangu kwao Muheza, na yeye hajawahi kutamka neno uzile maishani mwake. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa akiangalia kabatini, haoni jina lake, anaamini kimekwisha, ananunua. Kitu kimoja, majina matatu, vyombo vitatu. Nilipovipima kwenye mizani ninayotumia kupimia unga wa keki, jumla ilikuwa gramu 1,300. Sisi ni watu wanne, pilau tunapika Ijumaa, na mwezi mzima hatumalizi gramu 50. Nilipiga hesabu nikakaa chini: uzile wa miaka miwili na ziada.

Uzito wa jambo hili kwangu haukuwa pesa peke yake. Nyumba yetu inapokea viungo kutoka pande mbili zinazovilima. Mama akipata mtu anayevuka kuja Dar, hakosi kumpa kifurushi: mdalasini, pilipili manga, kungumanga. Wakwe zangu nao wakija kutoka Muheza wanakuja na iliki ya milima ya Amani, pamoja na mdalasini mwingine. Hakuna hata mmoja anayeleta kidogo. Kurudisha zawadi ya namna hiyo huwezi, kuimaliza huwezi, na kuitupa unaona kama unamtupa aliyekuletea. Basi ninaipokea, ninaisukuma nyuma ya kabati, na ya mwaka unaofuata inaingia mbele yake.

Mwezi wa Shaabani, kabla ya kuanza kununua vitu vya Ramadhani, nikaamua. Jumamosi asubuhi nilitandika mkeka sebuleni nikatoa kila kitu: chupa, makopo, mifuko iliyofungwa fundo, vipakti vilivyokunjwa vikabanwa na kibanio cha nguo. Vyombo 57. Nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, Tabata, na vyombo 57 vya viungo.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya majina, nayo ilinichukua muda kuliko nilivyofikiri. Uzile nimeshausema. Kulikuwa na giligilani mahali pawili, mara moja kwa jina hilo na mara moja kwenye pakiti lililotoka Mombasa likiwa limeandikwa "dania". Balaa lenyewe ni neno bizari. Mimi nikisema bizari nina maana ya ile iliyochanganywa ya mchuzi. Mume wangu akisema binzari bila kuongeza neno, anataka manjano. Ndiyo maana siku za mwanzo za ndoa yetu nilimwambia aweke bizari kwenye samaki, akaweka manjano matupu vijiko viwili, na sote tukala kimya. Siku ile nilidhani hajui kupika. Alikuwa amefanya nilichomwambia, kwa lugha ya kwao.

Baada ya kuunganisha vinavyofanana, nikaingia kwenye kunusa. Hapa lazima nirudi Pemba kidogo. Kule Wawi kuna kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Siku wanayochemsha, harufu unaikuta njiani kabla hujaona jengo. Nilipokuwa mdogo niliuliza makonyo yakishatolewa mafuta yanakuwaje, nikaambiwa yanabaki kama vijiti vya kawaida, hayana harufu. Jambo hilo lilinikaa. Harufu ya kiungo ni mafuta yake, na mafuta hayo yanaruka hewani yenyewe, kiwanda kiwepo au kisiwepo. Joto linayaharakisha. Kusaga kunayaharakisha zaidi, kwa sababu umevunja kila punje na kuifungulia hewa. Kwa hiyo kopo la unga wa uzile la miaka mitatu ni makonyo yaliyokwisha kupita kiwandani. Utaweka kijiko, utaweka viwili, sufuria haitanukia.

Nilivyopima ni hivi. Uzile na giligilani nilisugua punje kiganjani mpaka zikapata moto, kisha nikanusa. Kama inanibidi kutafuta harufu, basi haipo. Karafuu nilibonyeza kichwa kwa ukucha, nzuri inatoa mafuta. Nyingine nikazitia kwenye glasi ya maji: zenye mafuta zikazama au zikasimama wima, zilizokauka zikaelea zimelala. Iliki nilipasua maganda. Punje nyeusi zenye kunata nikaziweka, zilizokuwa kavu na rangi ya vumbi nikaziacha, hata kama ganda la nje lilikuwa bado na ukijani wa kupendeza. Kungumanga nilikwaruza kwa ncha ya kisu kuona kama kuna unyevu wa mafuta, na nikaangalia matundu. Mbili zilikuwa zimetobolewa na wadudu.

Mdalasini ulinifundisha jambo. Wa kwetu na wa Muheza ganda lake ni jembamba, limejisokota tabaka ndani ya tabaka kama karatasi, na linavunjika kwa vidole. Nilikuwa pia nimenunua wa pakiti, mnene na mgumu kama kijiti, umejikunja mara moja tu. Huo ni wa mti mwingine wa jamaa hiyo hiyo. Ladha yake kali imekaa upande mmoja, wakati ule mwembamba una utamu unaofaa chai na maandazi. Miaka yote nilikuwa ninapikia wa pakiti na ule mzuri nimeuficha nyuma kama akiba. Hili ndilo lililoniuma kuliko vyote.

Vilivyoota ukungu sikuvijadili. Pilipili nyekundu ya unga iliyoshikana mabonge na kopo la bizari lenye harufu ya uvundo vilikwenda moja kwa moja kwenye taka. Najua wapo wanaosema kaanga tu, moto utaua. Moto wa jikoni unaweza kuua ukungu wenyewe, lakini sumukuvu ambayo ukungu umeshaiacha haiondoki kwa kukaanga. Siwezi kuwalisha watoto sumu hiyo kwa sababu ya kuokoa kopo la shilingi elfu mbili. Vilivyopoteza harufu tu bila kuharibika nilivipa kazi nyingine: mdalasini uliochoka nikauchemsha kwenye sufuria ya maji nyumba inukie, karafuu nikazifunga kwenye kitambaa nikaziweka katikati ya nguo.

Kuna kungumanga moja sikuipima. Bibi yangu alinipa akiwa hai, kutoka kwenye mti wa uani kwake, ikiwa bado imevaa basibasi yake nyekundu. Sasa basibasi imekauka na kuwa rangi ya majani makavu, na kungumanga inagongagonga ndani ya ganda ukiitikisa. Hiyo niliitoa kabisa kwenye hesabu ya viungo. Ipo chumbani, kwenye kisanduku cha hereni.

Vikabaki vyombo 19. Kuvipanga nilikosea mara mbili.

Mara ya kwanza nilinunua shubaka la mbao, nikalitundika ukutani kando ya jiko la gesi, karibu na dirisha. Nikapanga chupa za kahawa ya Africafe nilizokuwa nimezikusanya, zote sawa, rangi zinaonekana, na kila mgeni aliyeingia alisifu. Baada ya miezi miwili manjano yalikuwa yamepauka upande unaotazama dirisha, na pilipili imeanza kuwa kahawia. Mwanga ulikuwa unakula rangi, na mvuke wa sufuria ulikuwa unaingia kila nikifungua mfuniko. Nikaliteremsha. Sasa viungo viko kwenye kabati la chini, mbali na jiko, gizani. Sinyunyizi tena kutoka kwenye chupa juu ya sufuria inayochemka. Natoa kwa kijiko kikavu, nafunga, ndipo natia.

Kosa la pili ni chupa zenyewe. Niliziosha kwa maji ya moto na sabuni, nikazifuta kwa kitambaa, nikaona zimekauka. Hewa ya Dar hairuhusu haraka hiyo. Iliki ya mama mkwe, nzuri kuliko zote, ikaota ukungu mweupe kwa ajili ya unyevu uliobaki chini ya mfuniko. Siku hizi chupa zinakaa juani mchana kutwa, mdomo wazi, na mfuniko pembeni.

Mpangilio uliodumu ni wa kufuata sufuria. Nilijaribu kufuata alfabeti, lakini kwenye nyumba ambayo mmoja anatafuta kwenye B na mwingine kwenye U, alfabeti haisaidii. Jirani yangu mmoja mwenye asili ya Kihindi ana kopo la duara la chuma cha pua, ndani vibakuli saba, na kila anachohitaji kwa siku kimo humo. Nilichukua wazo lake nikalifanya kwa vikapu vya plastiki. Kikapu cha pilau kina uzile, pilipili manga, karafuu, mdalasini na iliki. Cha mchuzi kina manjano, giligilani, uwatu, bizari na pilipili. Cha chai na vitu vitamu kina tangawizi kavu, kungumanga, na chupa ndogo za iliki na mdalasini. Hivyo viwili ndivyo pekee vilivyoruhusiwa kukaa mahali pawili. Ninachotaka kupika ndicho kikapu ninachovuta, na nikimaliza kinarudi chote.

Kila chupa ina plasta ya karatasi yenye majina yote: "UZILE, binzari nyembamba, jeera". Chini yake mwezi na mwaka. Tangu siku ile hakuna aliyenunua mara mbili.

Karibu kila kitu sasa nanunua kizima. Kinachotoka sokoni nakifunga kwenye mfuko usiopitisha hewa, nakiweka kwenye friza siku nne kuua mayai ya wadudu, kisha nautoa na kuuacha mfuko umefungwa hivyo hivyo mpaka ubaridi wake uishe, vinginevyo unyevu unaingia humo ndani. Nasaga cha wiki mbili tu. Nakaanga kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka harufu ipande, nakiacha kipoe, natwanga kwenye kinu. Mama yetu alikuwa akitutuma uzile wa pakti moja, siku ile ile ya kupika. Nilikua nikiamini ni umaskini, na nilipopata mshahara nikaanza kununua kwa nusu kilo. Pilau ya mama ilikuwa ikinukia mpaka barazani.

Mazungumzo niliyoyaogopa ni ya zawadi. Nilimpigia mama, nikamwamkia, nikamweleza polepole kwamba mizigo yake inaharibika kwa wingi, na kwamba ningependa kidogo lakini kipya. Alinyamaza, nikadhani nimemkosea. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, sasa wataka kiasi gani?" Nikamwambia mdalasini robo kilo, pilipili manga viganja viwili, na kama anaweza, anijulishe mdalasini umebanduliwa lini mtini. Na mama mkwe nilimweleza hivyo hivyo, ana kwa ana, alipokuja Idd.

Kifurushi kilichofuata kililetwa na kijana aliyepanda boti ya asubuhi. Kilikuwa kidogo, kimefungwa kwenye gazeti, na juu yake, kwa mwandiko wa mama wa herufi kubwa, palikuwa na tarehe ya wiki moja nyuma na maneno "baada ya mvua". Niliufungua mdalasini ule hapo hapo mlangoni, nikamrudisha kijana ndani anywe chai.