Nilivyochagua namna ya kupachika folda ya seva kwenye kompyuta za maabara

Binti alikuwa ameketi kwenye kompyuta namba 9, mikono mapajani, hataki hata kugusa kipanya. "Mwalimu, ripoti yangu haipo." Alikuwa ameiandika tangu saa mbili asubuhi, akaihifadhi kwenye /kazi, folda ya pamoja iliyo kwenye seva, kama tulivyowafundisha, akatoka kwenda kunywa chai. Aliporudi, kazi zake zote za muhula uliopita zilikuwepo, ila ya asubuhi ile haionekani.

Nilijua mara moja nilichokuwa nimefanya yeye akiwa kantini. Alfajiri umeme ulikatika, ukarudi. Kompyuta 24 za maabara ziliwaka upesi, seva ikawa bado inakagua diski zake. Zikaitafuta, zikaikosa, zikaendelea mpaka kwenye ukurasa wa kuingilia. Binti akaikuta folda tupu, akadhani tumeisafisha, akaanza kuandika. Saa nne nikagundua kwamba /kazi haijapachikwa, nikatuma mount -a, amri ya kupachika kila kilichopangwa, kwenye mashine zote, nikaenda kuendelea na mambo mengine.

Kupachika, au kumaunti kama tunavyosema wenyewe kazini, ni kuichukua folda iliyo kwenye seva na kuiweka juu ya folda tupu ya kompyuta yako. Seva isipokuwepo, ile folda tupu inabaki wazi, nayo ni folda ya kawaida tu ya diski ya ndani. Mimi nilikuwa nimeipa ruhusa kila mtu aandike. Ikaipokea ripoti. Nilipopachika, folda ya seva ikakaa juu yake na kuifunika. Hakuna kilichofutwa, ila mwanafunzi hana namna ya kujua hilo. Nikaandika amri mbili, ya kwanza kuionyesha diski ya ndani mahali pengine, kwenye /mnt, ya pili kuorodhesha kilichofunikwa:

mount --bind / /mnt
ls /mnt/kazi

Ripoti ikajitokeza, kurasa zote kumi na moja. Nikainakili kwenye seva, binti akashusha pumzi. Mimi sikushusha, kwa sababu hiyo ilikuwa mara ya pili mpangilio wangu kuwaumiza wanafunzi.

Mara ya kwanza ilihusu maneno mawili, hard na soft. Tunatumia NFS, itifaki ya kutumia mafaili ya seva kupitia mtandao, iliyobuniwa na Sun Microsystems mwaka 1984, na kompyuta zetu zote ni Linux. Usipoandika chochote, NFS inapachika kwa hard: seva ikipotea, programu iliyokuwa inasoma au kuandika inasubiri mpaka seva irudi, hata kama ni kesho. Chuoni kwetu seva iko jengo la utawala na maabara iko jengo jingine, kwa hiyo fezi moja ikikatika, upande mmoja unazima na mwingine unaendelea. Siku moja seva ilizima katikati ya kipindi na maabara yote ikaganda. Hata amri ya df, ya kuonyesha nafasi ya diski, ilining'inia. Walimu wakalalamika, nami nikabadilisha kuwa soft ili programu zikate tamaa na kuwaachia watu mashine zao. Nikaongeza timeo=30, muda wa kusubiri jibu la seva, nikiamini ni sekunde 30. Kipimo hicho ni sehemu za kumi za sekunde. Nilikuwa nimeipa seva sekunde 3.

Kuganda kulikwisha kweli. Baada ya wiki chache, mwalimu wa takwimu akaniletea jedwali la alama lililokatika katikati. Swichi ya mtandao ilikuwa imeyumba kidogo wakati anahifadhi, NFS ikarudisha kosa, na programu haikulishughulikia kosa lile ipasavyo. Mwongozo wa nfs wenyewe unaonya kwamba soft inaweza kuharibu data kimyakimya. Nilikuwa nimeusoma mstari ule na kuupita. Alama za darasa zima ziliingizwa upya kwa mkono kutoka kwenye karatasi, na nilikaa na mwalimu yule mpaka jioni tukizihakiki.

Tangu siku hiyo msimamo wangu haujabadilika: palipo na kazi ya mtu inayoandikwa, ni hard. Folda za kusoma tu, kama ile ya vitabu na programu za kusakinisha, naziwekea soft bila wasiwasi. Na ile hofu ya zamani kwamba programu iliyokwama kwenye hard haiuliki, imepitwa na wakati. Tangu keneli (kiini) ya Linux 2.6.25 unaweza kuiua kwa kill -9, amri ya kuizima programu kwa nguvu.

Lakini hard haikuwa dawa ya tatizo la kompyuta namba 9. Pale swali lilikuwa lini folda ipachikwe. Mstari wa kawaida ndani ya /etc/fstab, faili la orodha ya vya kupachika, hujaribu wakati mashine inawaka, na ukishindwa, ndiyo basi mpaka mtu aje. Neno bg hufanya majaribio yaendelee kimyakimya, lakini muda wote huo folda tupu iko wazi mbele ya mwanafunzi. Nilichohitaji ni upachikaji wa kuitwa: mtu akigusa /kazi, hapo ndipo mashine iitafute seva.

Nilianza na systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, kwa sababu ni kuongeza maneno noauto,x-systemd.automount kwenye mstari ule ule wa fstab. Ilifanya kazi vizuri mpaka siku seva ilipochelewa na wanafunzi wakawa wanabofya folda mfululizo. Baada ya majaribio mengi kushindwa kwa haraka, systemd iliacha kujaribu, nikapita mashine moja moja kuiamsha. Kwa kompyuta yangu ya ofisini ningebaki nayo. Kwa maabara nikahamia autofs, programu ya upachikaji wa kuitwa, yenye mafaili mawili ya mpangilio. Kwenye auto.master:

/- /etc/auto.direct --timeout=300

Na kwenye auto.direct:

/kazi -fstype=nfs4,hard seva:/srv/kazi

Seva ikiwa haipo, anayefungua /kazi anapata kosa waziwazi, na hawezi kuandika chochote pale kwa sababu autofs ndiyo inayoshikilia mlango. Seva ikirudi, anabofya tena, inafunguka. Toleo la 4 la NFS linanifaa kwa jambo jingine pia: linapita kwenye mlango mmoja tu wa mtandao (port), 2049, kwa hiyo ukuta wa moto (firewall) una tundu moja la kulinda.

Kabla ya kuwasha autofs, niliisimamisha NFS kwenye kila kompyuta, nikahamisha mafaili yote yaliyokuwa yamefunikwa chini ya /kazi, kisha nikaifunga ile folda tupu:

chattr +i /kazi

Baada ya hapo hata root, mtumiaji mkuu wa mashine, haandiki humo, ila kupachika juu yake kunakubali kama kawaida. Katika kuhamisha nilikuta mafaili ya wanafunzi kumi na wawili, mengine ya mwaka mzima nyuma. Niliyapanga kwa majina ya akaunti, nikawatafuta wenyewe. Wanne walikuwa wameshahitimu, nikawatumia kwa barua pepe. Mmoja alijibu usiku ule ule: ilikuwa sura ya tatu ya utafiti wake, aliyoiandika mara mbili.