Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Jumamosi iliyopita nilipanda matatu na kitindamimba wangu, naye akauvuta mkanda wa kiti, akaugeuzageuza, akaniuliza: "Baba, huu umeshikwa na nini?" Nilimjibu kwamba umeshikwa na bolti. Aliridhika, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kurudi karakana, wiki ya mwisho ya Januari 2004.

Makataa ya John Michuki, Waziri wa Uchukuzi wa Kenya wakati huo, yalikuwa tarehe 1 Februari: kila matatu iwe na mikanda, kidhibiti mwendo na mstari wa manjano, na zilizokuwa zikibeba abiria 18 zibaki na 14. Sisi mafundi wa viti, tuliozoea kulipwa ili tubanebane hadi apatikane abiria mmoja zaidi, sasa tulilipwa kung'oa. Nissan, kama zilivyoitwa hata zilipokuwa Toyota, zilipanga foleni hadi barabarani.

Kazi yenyewe haina siri kubwa. Sakafu ya gari ni bati jembamba, kwa hiyo bolti ya mkanda ikipitishwa ni lazima ikutane chini na bamba pana la chuma, la sivyo siku ya kishindo itachomoka na kipande cha bati.

Usiku mmoja wa wiki hiyo mabamba yaliisha. Nilikuwa chali juu ya kadibodi, chini ya gari la mwisho, tochi nimeing'ata, na vumbi la chuma lililotoka kwenye tundu la drili likiniangukia kwenye kope. Mwenye gari alikuwa ameketi juu ya debe, akiuliza saa kila baada ya dakika chache. Nilimwambia mzee wa karakana kwamba tungoje maduka yafunguliwe asubuhi. Aliinama, akanipa washa nne, zile pete bapa za chuma za kukalia nati, zisizozidi ukubwa wa shilingi. "Weka hizi, kijana. Mkaguzi haingii chini ya gari."

Niliziweka. Mwenzangu aliishika bolti kwa juu, nami nikakaza nati kwa spana hadi nikaliona bati likibonyea taratibu kuizunguka washa, kama kifuniko cha sufuria kuukuu. Nilipaswa kuacha hapo. Nilizungusha tena, nusu mzunguko, nadhani ili nijihisi nimefanya kitu. Mzee aliuvuta mkanda mara moja kwa vidole viwili, akasema, "Si unaona?"

Gari lilipita ukaguzi. Nami nililipwa, tena vizuri.

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikilitafuta stejini kwa namba yake, ambayo sikujaribu kuikariri lakini ilikataa kunitoka. Nililiona mara moja tu, limejaa, likielekea Kariobangi. Niliinua mkono kulisimamisha, kisha nikaushusha, kwa maana sikujua ningemwambia nini makanga.