Hatua ya saba nikiwa na kete nyeusi

Raundi ya nne ya mashindano ya sataranji (chess) nilipangiwa kete nyeusi, na mpinzani wangu alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Tabora, hajafungwa tangu asubuhi. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Nikabonyeza saa.

Askari wa mbele ya mfalme wake akaruka miraba miwili. Wangu nikamsogeza mmoja tu. Huu ndio ufunguzi uitwao Ulinzi wa Kifaransa, uliopata jina pale Paris ilipoifunga London katika mchezo wa kutumiana hatua kwa barua ulioanza 1834. Wengi hawaupendi kwa kuwa askofu mmoja hubanwa nyuma ya askari wake. Mimi naupenda hivyohivyo.

Mwalimu akasukuma askari hadi mraba wa e5 (kila mraba huitwa kwa herufi na namba). Nikamshambulia kwa c5, farasi c6, malkia b6. Askofu wake akatua d3, tukalana askari, na askari wake wa d4 akabaki kama wa bure.

Hapo ndipo nilipoumia mwaka jana. Farasi wangu alikula, wake akala, malkia wangu akala; mara askofu wake akaruka b5, mfalme wangu akatishiwa, ikabidi nimwokoe kwanza, na njia ikafunguka malkia wake amle wangu. Nililia nyuma ya ukumbi. Tangu hapo, kila jioni barazani kwetu Ujiji, kaka alinipangia hali hiyohiyo. "Usile kabla hujafunga mlango," aliniambia mpaka nikamwota.

Safari hii mkono ulishaanza kumwendea farasi. Nikaukalia, maana ukigusa kete lazima uicheze. Kisha nikamtoa askofu, yule aliyebanwa, hadi d7. Hatua ndogo mno, lakini b5 ikafungwa.

Mwalimu alifikiri sana, kisha akamficha mfalme pembeni. Ndipo nikala d4. Farasi wake alipotoka c3 akiitamani b5, nikasukuma a6. Askari wa e5 naye alikuwa wazi, sikumgusa. Kumla kungemfungulia ngome yake njia.

Yaliyofuata ni kubadilishana kete tu. Askari wangu wa d5 hakuwa na wa kumzuia. Nikamwekea ngome nyuma, akatembea d4, d3, d2, bado hatua moja ageuke malkia.

Mwalimu akasimamisha saa, akanipa mkono. "Huyo askofu wa d7, nani kakufundisha?"

"Kaka yangu, mwalimu. Tuko Ujiji."

Akazirudisha kete mpaka hatua ya saba. "Haya, nionyeshe tena."